Siri Iliyosukumwa Ukurasa wa Saba

Kwa maneno ya Mama Redio, jirani asiyepitwa na jambo, Fundi alifanya makusudi. Eti aliandika somo la kushona gauni kwenye tovuti yake, akaficha nafasi ya mshono ili wanawake waharibu vitambaa, kisha warudi kwake wapole kama maji mtungini. "Mjanja yule! Anawafundisha kwa mkono huu, anawavuna kwa ule," alisema bombani, watu wakaangua kicheko.

Maneno yalimkuta Fundi kwenye cherehani. Aliendelea kushona. Lakini mchana Msusi wa mtaa wa pili aliingia, akambwagia mezani kitambaa cha maua alichomnunulia bintiye kwa kujinyima.

"Kiangalie mwenyewe, Fundi. Nimefuata kila neno lako."

Kilikuwa kimekatwa sawasawa na mwili wa mtoto. Hata pa kupitisha sindano hapakuwapo.

"Dada yangu, mbona niliandika? Kabla ya kushika mkasi, ongeza vidole viwili kila upande."

"Wapi? Nionyeshe."

Fundi alikuwa na kisimu cha tochi tu, kisichofungua mtandao. Masomo aliyaandika kwenye karatasi, kaka yake akayaweka mtandaoni. Sasa alisoma kazi yake kwenye simu ya Msusi kama mgeni. Mistari miwili, tangazo la sabuni. Bonyeza uendelee. Mistari miwili tena, tangazo la mikopo likaruka na kufunika kioo kizima. Ukurasa wa nne: kata kitambaa. Chini yake, kwa herufi nyekundu: "Kosa moja linaloharibu gauni! Endelea ulijue." Vidole vyake viwili alivikuta ukurasa wa saba, mwisho kabisa.

"Mimi kifurushi kiliisha ukurasa wa tano," Msusi alisema.

Fundi alimwomba amsubiri, akaenda chumba cha nyuma. Kaka yake alikuwa mbele ya kompyuta, miguu juu ya kiti.

"Kaka, umelichanachana somo langu."

"Nimelipanga kibiashara. Wale wa matangazo wanalipa kila tangazo linapoonekana. Mtu akifungua ukurasa mmoja tunaambulia vumbi. Akifungua saba, walau."

"Na akiharibu kitambaa?"

"Hilo halihesabiwi."

Alilisema bila ubaya wowote, kama anayetaja hali ya hewa. Hapo ndipo lilipomkata maini. Huyu ndiye aliyewafokea waliosema mtu wa darasa la saba hana la kufundisha. Huyu ndiye aliyemwambia, "Wewe andika, mengine niachie." Naye akamwachia yote.

"Jina lililo juu pale ni langu, si la wenye sabuni. Mtaani naitwa tapeli."

"Watasahau. Tatizo ni wasomaji, wanapungua kila siku. Itabidi niongeze matangazo."

"Wanapungua kwa sababu ya hayo hayo, kaka! Nani atabonyeza mara saba kutafuta vidole viwili?"

"Mambo ya mtandao huyajui, mdogo wangu."

"Kushona nakujua. Sitaki ugomvi. Lirudishe somo lote kwenye ukurasa mmoja, kama nilivyokupa. Sasa hivi, nikiona. Msusi amekaa pale nje na kitambaa chake. Tafadhali, kaka."

Kaka yake alishusha miguu, akaivuta kompyuta karibu, lakini badala ya kuligusa somo, akaanza kutazama idadi ya waliofungua leo.