Matairi Mapana ya Gélase

Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mkuu wa idara, kiongozi wa parokia, alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari la jirani akipima tairi kwa mkono. Viganja viwili na kidole. Gélase akainuka haraka, akajipangusa magoti, akatazama huku na huku kama aliyekutwa jikoni kwa watu. Tairi la gari lake halikufika hata viganja viwili.

Mwenye gari, Xavier, alikuwa wakala wa mizigo bandarini, na alihamia mtaa wao wa Kanyosha mwaka uliotangulia tu. Sasa ulikuwa mwaka wa 1998, mwaka wa vita na vikwazo, msumari tu ulikuwa wa kutafuta. Lakini vitu vizuri vilivuka ziwa vikaishia mikononi mwa Xavier. Kila jioni gari lake liliingia mtaani limekaa chini imara, na Amandine, mke wa Gélase, aliacha kuchambua maharage akalitazama. "Lile gari limesimama vizuri," alisema siku moja. Maneno manne tu, jamani! Gélase hakula akashiba wiki nzima.

Kilichomchoma hasa ni kamati ya arusi. Joëlla alikuwa anaolewa. Alikuwa mtoto wa kaka yake aliyeuawa mwaka wa tisini na tatu. Gélase alimchukua akiwa na miaka kumi na minne, na binti alianza kumwita Baba bila kufundishwa. Kwa miaka mingi gari la Gélase, Carina, ndilo lililobeba mabibi arusi wa mtaa mzima. Sasa wanakamati, waliokaa sebuleni mwake wakinywa bia yake, wakapendekeza gari la Xavier.

"Utusamehe, Mzee," mwenyekiti alisema. "Ni kwa ajili ya picha."

"Mimi nipo kusaidia tu," Xavier akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomkera Gélase kupita yote. Heri angejigamba, mtu akamchukia kwa raha.

"Binti yangu atabebwa na gari langu," Gélase akasema. "Nalo litavaa viatu vipya."

Kesho yake alikuwa mtaa wa Buyenzi kwa Mugisho, fundi wa matairi aliyekimbia vita ya kwao Uvira, ng'ambo ya ziwa, akaikuta nyingine huku. Mugisho alilizungusha tairi pana, akaliangalia gari, akaguna.

"Muzee, hii haikutengenezewa gari yako. Ukiwa peke yako haitasema kitu. Ukijaza watu, itakwaruza hii bati ya madigadi. Rudi kesho na watu wane, tujaribu kwanza."

"Funga."

"Mi nakuambia mapema, muzee…"

"Nimesema funga!"

Kutafuta watu wanne wa kujaribia gari kungewafanya majirani waulize kulikoni, na Xavier angesikia. Afadhali kufa! Gélase akaendesha peke yake hadi Ruziba na kurudi, na gari halikusema kitu. Amandine alitoka, akayatazama matairi yaliyochomoza kila upande, akauliza, "Mbona limetoa mabega?" Gélase akaichukua kuwa sifa.

Siku ya arusi walitoka mapema ili sherehe iishe kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Joëlla alikaa nyuma, katikati ya shangazi Irène na msimamizi wake. Amandine alikaa mbele. Gurudumu la akiba lilibaki nyumbani kupisha kreti za vinywaji. Xavier alifuata peke yake na zawadi. Kwenye tuta la kwanza likasikika: krrr. Gélase akapiga honi kwa furaha ya kujilazimisha. Kwenye kona, tena: krrr, na harufu ya mpira ikaingia ndani.

"Baba Joëlla, kuna kitu kinaungua," Amandine alisema.

"Ni vumbi."

Kizuizi cha wanajeshi kilipoonekana mbele, Xavier, aliyekuwa akiuona moshi wa mpira kutoka nyuma, akalipita gari lao, akawapungia mkono wasimame. Alichutama kando ya tairi la mbele, upande wa dereva. Lilikuwa limelika hadi nyuzi zikaonekana.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "likipasuka pale mbele ya askari, hawatauliza ni tairi au ni risasi."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

"Bibi arusi ahamie kwangu."

"Thubutu!" shangazi Irène alimaka. "Bibi arusi wa kwetu hashuki njiani. Akigusa chini kabla ya kanisa, ameikanyaga ndoa yake. Na mimi simwachi."

Amandine akashuka bila kuambiwa. Kreti zikashushwa. Xavier akapitisha kidole kati ya tairi na bati, hakikupita. Hapo macho yote yakamgeukia Gélase, kilo zake mia moja na kumi na nane zimelilalia tairi lile. Xavier mwenyewe alikuwa mwembamba kama fito.

Wivu ukampanda. Ampe usukani? Huyu? "Nitakwenda polepole," alisema.

"Baba," Joëlla akaita.

Akamtazama kwenye kioo. Binti hakuwa akiangalia tairi wala Xavier. Alikuwa akiwaangalia askari, mdomo wake umekauka chini ya rangi, na uso ulikuwa uleule wa siku Gélase alipomtoa kwenye ua wa kaka yake.

Gélase akashuka.

"Usikate kona kwa haraka," alimwambia Xavier, akimpa nafasi. "Usukani wake mzito kidogo."

Alifuata nyuma ndani ya gari la Xavier pamoja na Amandine na kreti, na usukani wake ulikuwa mwepesi, na hilo nalo likamuuma. Asidanganye mtu kwamba halikumuuma. Askari wakainua gogo, magari yote mawili yakapita. Kanisani vigelegele vilimlaki Xavier. Wakwe waliotoka mikoani, wasiomjua mtu, wakamkumbatia mmoja mmoja, "Hongera, baba wa binti!" naye akitikisa kichwa kukana, asisikike kwa vigelegele. Gélase alikuwa amekwama nyuma ya magari matatu, kiganja juu ya honi.

Hakuipiga. Mbele kule, Xavier alikuwa amemfungulia mlango Joëlla na kumpa mkono amsindikize. Joëlla akashuka, akamshukuru, asiushike mkono ule. Padri alikuwa anasubiri mlangoni, kwaya imeshaanza. Binti akasimama palepale juani, shela ikimpepea usoni, akiangalia barabara walikotoka, gari baada ya gari.

Gélase akafungua mlango, akashuka, akaanza kumwendea binti yake kwa miguu, akaiacha injini ya Xavier ikinguruma.