Nafsi ya Kinyozi

Mpiga pasi alikuwa amefika kwenye foronya, kazi ya baada ya chai, nafsi yake ilipoingia kwa mlango wa nyuma ikakaa juu ya gunia la nguo chafu. Ilikuwa na uso wake, gauni lake na mgongo wake unaouma. Akaisogezea stuli. Walijuana siku nyingi, maana yeye alikuwa mtu wa ndani, asiyesema mpaka asemeshwe, na watu wa aina hiyo hushinda na nafsi zao hata zisipoonekana.

"Umechoka," nafsi ilimwambia.

"Najua," alijibu, akageuza foronya.

Wiki ile nafsi ziliwajia watu wote, na kila mtu aliipokea yake kwa tabia yake. Wapole walizipa kiti. Wenye hasira waligombana nazo hadi majirani wakagonga ukuta. Mwenye duka la dobi, mtu wa shughuli na simu mbili masikioni, aliituma yake ikapange foleni benki, na iliposahaulika huko hakuiulizia. Wasichana wa kufua, ambao wangepiga soga hata na sabuni, waliongeza sauti ya redio. Nyani haoni kundule, na isitoshe kazi zilikuwa nyingi.

Mpiga pasi alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni mama yake. Kiharusi kilikuwa kimemlaza mama, na kumwogesha ni kumbeba. Daktari alishamwonya mpiga pasi kwamba akiendelea kuinua mzigo ule, naye atalala kitanda cha pili. Alichohitaji ni mdogo wake, mwanamume mwenye mikono yake mizima, aje jioni amwinue mama. Hilo tu.

Mdogo mtu alikuwa kinyozi, mcheshi wa mtaa mzima. Dada alipopita pale baada ya kazi, duka lilikuwa limejaa, na nafsi ya kinyozi ilikuwa imeketi kwenye benchi la kungojea zamu, mikono magotini. Kinyozi alikung'uta kitambaa, akaita, "Anayefuata!" Nafsi ikainuka.

"Wewe ngoja kidogo, bosi," akaiambia. "Huyu nyuma yako ana haraka." Nafsi ikakaa. Ilikuwa imerukwa hivyo tangu duka lifunguliwe.

"Dada! Mama hajambo?"

"Anakungoja."

"Kesho, Mungu akipenda. Nikikiacha kichwa hiki nusu watasema kaliwa na panya." Watu wakacheka. "Halafu mama unamwezea wewe. Ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Nundu haiogeshwi," alisema mpiga pasi.

Duka zima likaangua kicheko, na kinyozi akacheka kuliko wote. "Mmemsikia dada yangu? Haongei, ila akiongea!" Akawasha mashine. Dada mtu aliumia, maana hakuwa ametania.

Kinyozi alipofunga duka aliiacha nafsi kibarazani, akaenda na marafiki. Haikuwa na pa kwenda. Mpiga pasi aliposikia hodi akafungua na kuuona uso wa mdogo wake, alifurahi hadi akasahau mgongo. Kisha akaona kwamba mgeni amenyamaza, na mdogo wake hakuwahi kuingia mahali kimyakimya.

Nafsi ilikwenda moja kwa moja kando ya kitanda ikasema yote. Kwamba kinyozi huzungukia barabara ya nyuma ili asiione nyumba hii. Kwamba anaiogopa harufu ya chumba. Kwamba hutania kutwa kwa sababu pakitulia humsikia mama akimwita. Mama alilia, akasema, "Mwanangu." Mpiga pasi naye alilia, beseni la maji ya vuguvugu mkononi, kwa kuwa alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa miaka.

"Haya," akasema, "shika mabega, mimi nishike miguu."

Nafsi ikashika. Mikono yake ikazama mabegani mwa mama, ikatokea upande wa pili bila kuinua hata shuka. Ikajaribu tena.

"Siwezi, dada," ilisema. "Kazi yangu ni kujuta."

Kesho yake mpiga pasi alimpitia kinyozi. "Nafsi yako iko kwangu."

"Inasumbua?"

"Hapana."

"Basi ikae huko. Nyumba yako imetulia, itapazoea. Mimi na yeye hatuivi chungu kimoja."

Ikakaa. Ikawa kila jioni nafsi ya kinyozi huomba radhi kwa ufasaha, nafsi ya mpiga pasi humkumbusha kwamba amechoka, na mama hufarijika kwelikweli. Maji yakianza kupoa, mpiga pasi hupiga goti na kupitisha mikono chini ya mgongo wa mama.

"Pole, dada," husema nafsi ya kinyozi.

"Sogea," huijibu. "Umesimama njiani."

Kisha humwinua mama.