Vibati vya Watu Wasiokuwepo

Meli iitwayo Aorere ilikuwa haiondoki gatini Devonport, bandari ya jeshi la maji, mpaka ubao ujae. Hiyo ndiyo sheria, na hata nahodha hana ubavu wa kuivunja. Ubao wenyewe uko ukutani ndani ya chumba cha usukani, una kulabu ndogo nyingi, na kila kulabu ina kazi yake: kreni ya boti, kamba za boti, vali ya nyuma, zimamoto, hospitali, helikopta. Kila baharia ana kibati cha shaba chenye jina lake. Kibati chako kilipo, ndipo unapotakiwa uwepo king'ora kikilia. Kulabu moja ikibaki tupu, meli inalala.

Safari hii tupu zilikuwa nyingi.

"Rewi yuko wapi?" Kereama, kijana wa kreni ya boti, aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Rewi yuko Australia anachimba chuma," alisema Skelton, msimamizi wa deki, mzee mwekundu usoni mwenye magoti mabovu. "Analipwa mara mbili yako na analala kitanda kisichoyumba. Una swali lingine?"

Skelton alikuwa ameshika kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na vibati vya watu walioacha kazi, maana alikuwa hatupi kitu yule. Akaanza kuvitundika kimoja kimoja. Rewi, vali ya nyuma. Pōtae, kamba za boti. Ubao ukajaa. Kereama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Aisee bosi, unafufua watu!"

"Nafufua meli, dogo. Tumeshafuta safari mbili. Tukifuta na hii, watasema si mnaona, nchi ndogo haiwezi meli kubwa hivi. Wataiuza. Halafu mimi na wewe twende tukachimbe chuma."

Hapo alisema kweli. Redioni ndiyo ilikuwa habari ya kila asubuhi. Mkulima mmoja wa Waikato anapiga simu: watu milioni tano tu tunanunua meli moja iwe ya vita, ya mizigo, ya hospitali na ya kuvunja barafu, kwani sisi ni nani? Mama mmoja wa Gisborne anamjibu: kimbunga kikija tena utatuletea maji kwa trekta lako? Wanabishana hivyo mpaka taarifa ya habari. Lakini meli ilikuwa imeshanunuliwa. Watu wa kuiendesha ndio hakuna aliyekumbuka kuwalipia.

Ambaye hakucheka ni Ngāhuia. Huyu alikuwa binti wa shangazi yake Kereama, amemzidi miaka minne, na ndiye dereva wa boti. Aliutazama ubao kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

"Kere. Nyumbani, kwenye nyumba ya ukoo, ukutani tunatundika picha za nani?"

"Aah dada, usianze."

"Za nani?"

"Za waliokufa."

"Ukimtundika aliye hai pale, shangazi zako wanafanyaje?"

Kereama aliujua mwiko huo. Alishaona mtu akifukuzwa na ufagio kwa kosa hilo. Picha ya mtu anayepumua haikai na za marehemu. Ni kumwita aje huku kabla ya siku yake.

"Hiki ni kibati tu," alisema. "Siyo picha."

"Ni jina la mtu, na mtu mwenyewe hayupo," alisema Ngāhuia. "Mama akiuliza, mwambie nilisema."

Nahodha Lockyer aliingia na kikombe chake cha chai. Alikuwa mgeni melini, hata wiki hajamaliza. Akautazama ubao, ukamridhisha, akaagiza kamba zifunguliwe.

Walishuka kusini, kule ambako bahari haina nchi ya kuizuia. Walikuwa wamebeba mafuta na mbao za watu wanaokaa kisiwani kuhesabu ndege. Mawimbi yalikuja makubwa na ya polepole, kama vilima vya malisho vimeamua kutembea. Kereama hakuwa mwoga wa bahari, ila safari hii usingizi ulimkataa. Kila akipita chumba cha usukani macho yalimkimbilia kibati cha Rewi. Meli ikilala ubavu, vibati vyote vinagongana kidogo. Vya waliopo na vya wasiokuwepo vina mlio uleule.

Walipofika kisiwani kulikuwa na ukungu mzito. Redio ikaleta habari: mhesabu ndege mmoja kidole tumbo kimemvimba, tumbo limekuwa gumu kama ubao, anaweza akafa. Ngāhuia akashuka na boti, na mabaharia wawili nyuma yake. Aliyemshusha ni Kereama, maana kreni ya boti ilikuwa kazi yake na hakuna mwingine aliyeijua.

"Usilale kwenye hiyo mashine," Ngāhuia alimwambia redioni.

"Nikilala utaniamsha kwa kelele zako, dada."

Boti ikamezwa na ukungu.

Kikapita kitambo. Kisha kwenye mwili wa meli Kereama akasikia pigo moja zito, kama mtu amedondosha friji ghorofa ya chini. Taa zikafifia, zikarudi, zikafifia tena. King'ora kikalia.

"Mafuriko chumba cha jenereta," ilisema sauti ya nahodha kwenye vipaza sauti, imetulia vizuri. "Bomba la maji ya bahari limepasuka. Vali ya nyuma, funga. Rewi, funga vali ya nyuma."

Kereama akaishika reli kwa mikono miwili.

"Rewi, jibu."

Meli ilijilaza upande, ikakawia kuinuka. Jenereta moja ilikuwa imeshakufa, mtu aliweza kusikia kabisa pengo la sauti yake. Ya pili ikifa, usukani unakufa. Na nyuma yao, mahali fulani ndani ya ule ukungu, mawimbi yalikuwa yakipasukia mwambani.

"Rewi, jibu. Rewi, uko vali ya nyuma?"

Sauti ile ilipita deki nzima, kila korido, mpaka jikoni, ikimwita mtu aliye mbali huko kwenye vumbi jekundu. Waliojua walijua, na kila aliyejua alikuwa anamngoja mwingine aseme. Nahodha alikuwa ameutazama ubao, ubao umemwambia yupo mtu.

Redio ya mkononi ikakwaruza. "Kere, nakuja. Huyu jamaa anatapika kijani. Andaa kreni."

Kereama aliitazama kreni, akautazama mlango wa ngazi ya kushuka chini. Akishuka, boti inafika na hakuna wa kuipandisha, na kwa bahari ile boti haiwezi kukaa ubavuni mwa meli, itapondwa. Akibaki, maji yanaizima jenereta ya pili, kreni nayo inakufa, halafu boti haina meli ya kurudia.

"Dada, usije. Kaa mbali. Kabisa."

"Nikae mbali wapi? Sioni hata pua yangu!"

"Vali haina mtu. Wanamwita Rewi."

Ngāhuia akasema, taratibu, "Namsikia nahodha mpaka huku. Shuka, Kere. Shuka haraka."

Kereama akabonyeza kitufe cha kuongea na chumba cha usukani.

"Afande, usimwite Rewi. Rewi yuko Australia. Kibati ni cha uongo. Naenda mimi."

Hakungoja jibu.

Chini kulikuwa na giza na maji yalifika kiunoni. Baridi yake haikuwa ya kusema brr. Ilikuwa inang'ata mifupa mpaka unasahau jina lako. Kila meli ilipolala upande, maji yote yalimjia kwa pamoja yakimbamiza ukutani, na humo ndani vitu vilielea vikimgusa miguu, asijue ni nini. Akalipata gurudumu la vali kwa kupapasa. Akalizungusha, likakataa. Lile gurudumu lilitaka watu wawili. Ubaoni aliyeandikwa pale ni Rewi peke yake.

Akavuta akipiga kelele. Akavuta akilia, naam, alilia, na jenereta ya pili ikaanza kukohoa kama mzee.

Mikono mingine ikatua juu ya gurudumu. Alikuwa Skelton, hana hata kofia, anahema kama farasi.

"Vuta!" alibweka. "Vuta, mwanangu, nisamehe, vuta!"

Gurudumu likasogea kidogo, likakwama, likasogea tena. Bomba likanyamaza. Jenereta ikakohoa mara ya mwisho, kisha ikashika mwendo.

Kereama alipanda ngazi kwa mikono na magoti. Deki ilikuwa nyeupe kwa ukungu.

"Dada?"

Redio haikujibu.

"Ngāhuia. Jibu."

Akajisikia anavyosema, akaona kwamba anasema vilevile alivyokuwa akisema nahodha. Akashindwa kurudia. Akasimama pale, maji yakimchuruzika, akiogopa hata kulitaja jina la binamu yake, asije akawa analitundika ukutani.

Honi ya meli ililia, ikalia tena. Wakasikiliza. Ndipo ukasikika mlio mwembamba wa injini upande wa mbele, si nyuma walikokuwa wamekodolea macho wote. Boti ikatokea, imejaa maji nusu, na Ngāhuia amesimama kwenye usukani wake, midomo ya bluu.

"Redio imelowa!" alipiga kelele. "Mnanitazama nini, nivuteni!"

Kamba za kuizuia boti isiyumbe zilitaka watu wawili deki. Aliyekuwepo ni mpishi peke yake, Msamoa mmoja jina lake Fale, na aproni yake. Wa pili ubaoni alikuwa Pōtae. Kereama akainua. Boti ikapanda vizuri mpaka karibu na ukingo, hapo meli ikalala, Fale akavutwa na kamba, boti ikazunguka na kugonga ubavu. Ngāhuia alikuwa ameweka mkono kumkinga mgonjwa, ukabanwa katikati.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ah," kama mtu aliyesahau kitu dukani.

Mhesabu ndege alipona. Nahodha aliandika yote aliyoyaona, hakuficha, akaipeleka ripoti kwa wakubwa, ikaishia huko. Redioni wakasema meli moja imefanya kazi ya mizigo, ya uokoaji na ya hospitali kwa siku moja, nani tena anabisha kwamba hatuiwezi? Yule mkulima wa Waikato hakupiga simu. Shangazi Mereana alimpokea binti yake mlangoni, akaubusu mkono uliofungwa bandeji, uliobaki na vidole viwili. Kereama alikuwa amesimama nyuma. Shangazi hakumwuliza kitu, na hilo lilimuuma kuliko kupigwa.

Baada ya miezi miwili meli iliitwa tena. Kimbunga kimepiga visiwa vya kaskazini, visima vimeingia chumvi, watoto wanakunywa maji ya kwenye mapipa. Malori ya chupa za maji yalikuwa yamepanga foleni gatini. Nahodha alikuwa ameitwa makao makuu, akawaachia wengine ubao.

Kereama akaingia chumba cha usukani. Ubao ulikuwa umejaa. Vya Rewi na Pōtae vilikuwa vimeondolewa, wamewekwa vijana wawili wapya, wa kweli. Akashusha pumzi. Kisha akafika kulabu ya dereva wa boti. Ngāhuia.

Skelton alikuwa dirishani, hageuki.

"Dereva wa boti hamna nchi nzima, dogo," alisema kwa sauti ndogo. "Na wale watu hawana maji. Ni safari hii tu. Boti hatutaigusa."

"Na mtu akianguka baharini?"

Vibati vikagongana kidogo, ingawa meli ilikuwa imefungwa gatini.

Kereama aliogopa kama siku ile kwenye maji. Aliyaona yale malori, akawaza wale watoto na mapipa yao. Akakishusha kibati cha dada yake na kukitia mfukoni. Kulabu ikabaki tupu katikati ya ubao.

"Kirudishe," Skelton alisema.

"Kichukue mwenyewe."

Mzee akageuka, akamtazama mfukoni, akamtazama usoni. Hakusogea. Chini gatini dereva wa lori la kwanza alipiga honi, akauliza kwa kelele wapakie au wasipakie. Nahodha alikuwa amerudi, anapanda ngazi, kikombe mkononi, na hatua zake zilisikika zikikaribia mlango.