Ahadi Aliyoitoa Wifi Yangu

Naandika haya sasa kwa sababu siku zimeanza kuchanganyika kichwani, na sitaki kufika mahali nikaanza kuyapamba.

Mume wangu alikuwa fundi bomba, mimi ni fundi wa kushona. Aliniita Fundi, nami nikamwita Fundi, na mgeni akisikia huko ndani "Fundi, chakula tayari" alidhani tumeajiri mtu. Ini lake lilipoharibika, daktari alitukalisha wote wawili akatuambia bila kuzunguka kwamba tuhesabu miezi, si miaka. Tukiwa njiani kurudi, Fundi akasema, "Afadhali huyu. Mwingine angesema ni mpira wa koki tu umelika."

Wifi yangu, dada yake wa pekee, ndiye kiongozi wa kikundi cha maombi kanisani kwetu. Alikuja na wenzake, wakafunga siku tatu, na siku ya tatu akasimama miguuni pa kitanda akatangaza kwamba Bwana amemwambia kaka yake atainuka. "Hiyo ni ahadi," alisema. "Na ahadi inavunjwa na midomo." Akaweka sheria. Humo chumbani neno kufa lisitajwe, wala kaburi, wala "ikitokea." Mgonjwa akiulizwa hali ajibu kwamba ameshapona.

Fundi alitii kwa namna yake. "Hali yako, ndugu yetu?" wangemuuliza. "Nimeshapona. Nisaidieni kugeuka." Wengine walishindwa kujizuia kucheka. Wifi hakucheka.

Mimi niliamini. Niliamini kwa sababu nilitaka, na kwa sababu wifi alimpenda kaka yake kuliko alivyojipenda. Lakini siku moja nilijikuta nimeshusha gora la kitambaa cheusi kutoka kwenye rafu, nimejipima nalo mbele ya kioo. Wifi alipokuja nilimvuta jikoni nikamweleza.

"Naogopa, wifi. Mkono wangu umenishinda."

Akanikumbatia mpaka nikanyamaza. "Hili ni lako na langu na la Mungu," alisema. "Halitoki hapa jikoni."

Alhamisi moja alasiri Fundi aliniomba nisimamishe cherehani. "Kaa hapa karibu, Fundi. Kuna jambo nataka ulijue, nikishakuwa sipo." Nikamziba mdomo kwa kiganja. "Usiseme hivyo. Tumeahidiwa." Alinitazama juu ya vidole vyangu kwa muda mrefu, kisha akafumba macho kama mtu aliyekuta mlango umefungwa na hana nguvu za kubisha. Jumapili asubuhi, nikiwa nachemsha maji ya kumwogesha, alikufa. Jambo lake sijalijua mpaka leo.

Siku ya tatu ya msiba nyumba ilijaa. Wifi akasimama kuomba, na kabla ya kuomba akasema maneno machache. Alisema ahadi ya Mungu haikushindwa. Kilichoshindwa ni nyumba. "Tulikuwa tunajenga, na ndani humu kulikuwa na mtu anabomoa. Kaka yangu bado anapumua, mtu anapima nguo nyeusi."

Hakunitaja. Hakukuwa na haja, kwa kuwa mshonaji humo ndani ni mmoja. Nilisikia mikeka ikikwaruza, watu wakigeuka kunitazama. Mama mkwe alikuwa ameketi kando yangu, bega lake limegusa langu, na hakusema neno.

Toka siku hiyo sikuweza kuomba. Sikumkana Mungu, ila nilikuwa nikianza kusema "Baba" neno linakwama kama sindano iliyokutana na kifungo. Nilijiuliza usiku na mchana: kama Mungu alisema uongo juu ya Fundi, nitamwamini kwa lipi lingine? Na kama hakusema uongo, basi ni mimi niliyemuua mume wangu kwa kipande cha kitambaa. Njia zote mbili zilinitoa nje.

Mama mkwe aliendelea kuja kila wiki. Alikaa karibu na cherehani akinisaidia kufumua nyuzi za bandi, zile za kushikiza tu kabla ya kushona. Wiki ya saba nikamwambia, "Mama, mimi na Mungu tumeachana. Aliahidi, hakutimiza."

Aliendelea kufumua. "Alikuahidi lini?"

"Ulikuwepo, mama. Wote tulisikia."

"Mimi nilimsikia binti yangu," alisema. "Nimezaa sita, nimezika watano. Hakuna hata mmoja ambaye Mungu aliniambia nitabaki naye. Aliniambia hataniacha, na mara zote tano, mwanangu, nimerudi kutoka makaburini nikamkuta nyumbani. Sasa wewe unamshika Mungu shati kwa ahadi aliyoitoa wifi yako. Kamshike aliyeitoa."

Nikauliza swali lililokuwa linaniuma zaidi. "Mbona siku ile ulinyamaza?"

Mikono yake ikasimama. "Ni binti yangu. Nilikuwa nimebakiwa na yeye peke yake." Kisha akaongeza, "Nilikukosea. Usinisamehe haraka haraka, utakuwa unanidanganya."

Kesho yake nilikwenda kwa wifi. Alikuwa uani anaanika nguo. Sikukaa.

"Wifi, ile sauti uliisikia kweli?"

Alibana nguo mbili, tatu. "Nilisikia nilichokuwa nakitaka," alisema taratibu. "Ni kaka yangu, wifi. Ningefanyaje?"

"Na la jikoni?"

"Watu walikuwa wananitazama mimi. Walitaka jibu."

"Basi waambie ulivyoniambia sasa. Pale pale uliposimama mara ya kwanza."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Na kikundi nimwachie nani? Wataniamini tena?"

"Mimi walishaacha kuniamini."

Akainama kuchukua shuka, na nikaondoka.

Jumapili nilirudi kanisani, nikakaa benchi la nyuma. Wifi alisimama mbele kuongoza maombi. Macho yetu yalikutana, nikangoja. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri na wajane, sauti yake nzuri kama kawaida, kisha akasema amina akakaa. Mama mmoja mbele yangu alisogeza mkoba wake mbali nami. Nadhani nitaendelea kuonekana hivyo kwa muda.

Wengine walipoinuka kuimba, mimi nilibaki nimekaa. Nikasema, kwa sauti ya chini lakini ya mdomoni kabisa, "Baba, nimekasirika, na mtu uliyempa nafasi ya kuongea amenitia aibu kwa jina lako. Sijui Fundi alitaka kuniambia nini. Wewe ulimsikia. Kaa na mimi."

Niliyarudia mpaka wimbo ukaisha.