Nimesoma, Nimekubali

Élodie, binti yangu, alisema kompyuta ya marehemu baba yake imekufa na sasa izikwe. Alisema hivyo mbele yangu, huku anakula maharagwe yangu, nami nikamwambia kwamba katika nyumba hii mwenye kutangaza vifo ni mimi.

"Lakini, maman, angalia," akasema. "Kifuniko kinashikiliwa na kipande cha mpira, shambrera ya kinga. Shaja haiwake mpaka uweke jiwe juu ya waya. Sasa maji imeingia. Iko na miaka kumi na tatu! Tutafute ingine, hata ya okaze, yenye ilishatumiwa."

"Hiyo ingine itakuwa na parcelle yangu ndani?"

Akaendelea na maharagwe. Alijua ninachosema: hati ya parcelle, kiwanja chetu, imo humo.

Modeste, mume wangu, alikuwa karani kwa miaka ishirini na sita, na karani haachi ukarani wake mlangoni. Kila karatasi iliyoingia kwetu, kuanzia cheti cha ubatizo hadi risiti ya mabati, aliipiga picha akaihifadhi kwenye kompyuta. Volkano ilipolipuka mwaka 2021 tulikimbilia Sake pamoja na mji mzima, na katika msukumano ule bahasha ya karatasi zetu ikapotea. Kompyuta niliibeba mwenyewe, nimeifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Mwaka uliofuata Modeste akafariki. Tangu hapo niliitumia kuandikia mitihani ya shule tu. Faili zake sikuzigusa. Mambo ya karatasi yalikuwa yake.

Kiwanja chetu cha Munigi tulikinunua Élodie akiwa bado ananyonya. Hatukuwahi kukijenga. Volkano ikakimwagia mawe yake meusi, nami sikupanda tena kwenda kukitazama, maana mawe tunayo hata hapa kwetu Mapendo. Ndipo mwezi uliopita, tukitoka misa, jirani mmoja akanivuta kando akaniambia kwamba Zéphirin anajenga msingi kwenye kiwanja changu.

Nilidhani sikusikia vizuri. Zéphirin Bagalwa! Muuza samaki wa Kituku, rafiki wa Modeste, mtu aliyekula mezani kwangu Pasaka ngapi sijui, mtu aliyebeba jeneza! Nikakaa kwenye ngazi za kanisa na gauni langu la Dominika.

Dominika iliyofuata nilimngojea uwanjani, watu wakiwa wamejaa, nikamwita mwizi wa wajane. Sikulisema mara moja tu. Nilisema kama ninavyosema darasani, kwa sauti inayofika viti vya nyuma. Yeye alisimama na kofia mkononi, akatazama viatu vyake. Mwishoni akasema tu, "Mama Élodie, utafute karatasi. Yangu mimi ilibakia chini ya mawe, pamoja na nyumba."

Nikaona huo ni ujanja. Mwizi gani anayekuomba ushahidi?

Shauri likafika kwa chef wa mtaa. Akatusikiliza, akakata hivi: Jumamosi kila mmoja alete alichonacho. Asipokuwepo mwenye karatasi, kiwanja kinabaki kwa mjane, kwa sababu mtaa mzima unakijua kuwa cha Modeste. Zéphirin aliitikia kwa kichwa. Maana yake ningeweza kwenda mikono mitupu na nikashinda. Lakini mimi sikutaka kushinda kwa kuhurumiwa. Nilitaka kumwekea karatasi chini ya pua, mbele ya wale wale waliosikia. Tena kiwanja ndicho kitu pekee nitakachomwachia Élodie, na hilo nilimwambia kila aliyetaka kusikia.

Basi Jumatano mvua ikanyesha, bati likavuja palepale juu ya meza, na kompyuta ikazimika katikati ya mtihani wa jiografia. Niliitikisa, nikaigeuza, maji yakatoka kwenye vitufe vya herufi. Nilipiga kelele hadi Élodie akadhani nimeungua.

Alhamisi asubuhi nikaibeba kwa Cédrick. Huyo nilimfundisha darasa la tano, na masikio yake niliyavuta sana, kwa kuwa alikuwa anajibu swali kabla ya kulisoma. Nilikuwa na wimbo mmoja miaka yote thelathini ya ualimu: soma mara mbili, ndipo ushike kalamu. Sasa ni baba wa watoto watatu, ana kibanda chake cha kutengeneza mashine, na bado akiniona anasimama.

Alifungua vijiparafujo kimoja kimoja na kuvipanga kwenye kifuniko cha kopo. Ndani mlikuwa na vumbi jeusi la volkano lililogandamana na maji.

"Madame," akasema, "sitakudanganya. Naweza kuitengeneza, lakini itakusumbua tena. Afazali ununue ingine. Hii imechoka."

"Mimi pia nimechoka, na hakuna aliyesema ninunuliwe mwingine. Vitu vya ndani je?"

"Hiyo ni mambo ingine. Ngoja tuone disque."

Akatoa kidude bapa kinachotunza faili, akakifuta kwa fulana yake, akakiunganisha na mashine yake mwenyewe. Tukangoja. Nilikuwa nimeshika rozari mfukoni. Kisha faili zikatokea kwenye skrini, zimepangwa kwa mpangilio wa Modeste, na nilipoona majina yale nikataka kulia: Ubatizo. Shule. Élodie. Ugonjwa wa Domitille, ndiye mimi. Parcelle.

"Hapo!" nikasema. "Fungua hapo!"

Kulikuwa na picha mbili. Ya kwanza ilikuwa hati yetu ya kununua, na muhuri wake, na jina la Modeste Bashige lililoandikwa wazi. Nilipiga makofi. Nilimwambia Cédrick kwamba Jumamosi Zéphirin ataitafuta njia ya kurudi Kituku. Akacheka, akafungua picha ya pili.

Niliutambua mwandiko kabla ya kuyatambua maneno. Ulikuwa wangu. Chini kabisa ya ukurasa, kwa ile kalamu ya mwalimu, herufi zimelala upande mmoja kama nilivyofundishwa na masista, niliona yale maneno ya Kifaransa ambayo kila anayetia sahihi hapa kwetu lazima ayaandike kwa mkono wake: *lu et approuvé*. Nimesoma, nimekubali. Na sahihi yangu chini yake.

Juu yake kuliandikwa kwamba Modeste Bashige, kwa ridhaa ya mke wake, amemuuzia Zéphirin Bagalwa kiwanja chake cha Munigi ili kugharamia matibabu ya huyo mke. Tarehe kumi na moja Machi, 2019.

Siku tatu kabla sijapanda boti kwenda Bukavu kupasuliwa.

Cédrick alisema kitu, sikumsikia. Nilikuwa nimerudi jikoni kwangu, ungo wa maharagwe magotini, maumivu yananikata tumboni, na Modeste amesimama mbele yangu na karatasi, anakohoakohoa kama alivyokuwa akikohoa akiniogopa. Aliniambia, "Mama Élodie, usome kwanza." Naapa alisema hivyo. Na mimi nikamjibu, "Nisome nini? Lete biki." Nikaandika kwamba nimesoma, nikatia sahihi, nikarudi kwenye maharagwe yangu. Hata ungo sikuuweka chini.

Gharama za hospitali nilidhani zilitoka kwa ndugu zake. Nilipopona niliwaalika shemeji zangu wote, nikawachinjia kuku na kuwashukuru kwa kuyaokoa maisha yangu. Walikula kuku wangu bila hata kukohoa.

Nilimtazama Cédrick. Alikuwa ameshasoma yote, maana skrini yake ni kubwa, na sasa alikuwa anatazama vijiparafujo vyake. Laiti angecheka ningepata pa kupeleka hasira. Alikuwa anajikuna masikio, yale yale niliyokuwa nayavuta.

"Madame," akasema polepole, "disque za zamani kama hizi zinakufaka. Nikisema hii imekufa, nani atauliza? Unachukua mashini ingine, mambo inaisha. Mimi sikuone kitu."

Sitadanganya: nilitamani. Nilitamani kwa moyo wote. Karatasi ya Zéphirin iliungua pamoja na nyumba yake. Modeste yuko kaburini. Ilibaki hii tu, kidude kidogo kuliko kitabu cha nyimbo, na kikizimwa, Jumamosi kiwanja ni changu na cha Élodie, na chef wa mtaa mwenyewe atanishika mkono. Ningehitaji kusema neno moja tu, na hata hilo angelisema Cédrick kwa niaba yangu. Nikafikiri pia kwamba mtu huyu anayesimama akiniona angesimama tena kesho, na keshokutwa, na kila mara ningejua anachojua.

Kilichonimaliza kabisa ni wazo jingine. Nilikuwa hai. Nimekaa pale kwenye benchi, nina tumbo lisilouma, nina pumzi ya kumwita mtu mwizi mbele ya kanisa zima. Pumzi hiyo ilitoka kwenye kiwanja kile.

"Irudishe ile karatasi," nikasema. "Niisome."

Nikasoma kutoka juu hadi chini, kisha nikasoma tena. Cédrick akanichapishia nakala mbili.

"Na mashini?" akauliza. "Nikutafutie ingine?"

"Itengeneze."

"Lakini, Madame, nilisema..."

"Nimesikia ulichosema. Kuna faili zingine humo sijazisoma."

Nilichukua pikipiki hadi Munigi. Sikumwambia Élodie. Zéphirin alikuwa peke yake juu ya mawe meusi, suruali imekunjwa, anapanga msingi. Aliponiona aliweka chini nyundo yake akasimama wima, kama mtu anayengoja kutukanwa tena. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani. Ilipotelea wapi sijui. Nilinyoosha tu mkono wenye karatasi.

Hakuipokea. Aliitazama kwa mbali, akaona picha ya muhuri, akashusha mabega.

"Umeipata," akasema.

"Nilitia sahihi yangu, Papa Zéphirin. Mimi mwenyewe."

"Najua. Siku ile nilikuwa nasimama ku mulango. Modeste alisema nisiingie, juu ulikuwa mugonjwa. Nilisikia akikuambia usome. Nikasikia na wewe ukisema: lete biki."

Alikuwa mlangoni. Wakati nikimtukana uwanjani, mtu huyu alikuwa na jibu mdomoni, jibu la kuninyamazisha milele, na alilimeza.

"Sasa juu ya nini haukusema?" nikamuuliza, na sauti yangu haikufika hata kiti cha mbele. "Pale kanisani. Niliposema yote yale. Juu ya nini haukusema?"

"Kusema nini, mama? Kama Madame aliandika amesoma, na hakusomaka? Mbele ya batoto wote uliwafundisha?" Akafuta mikono kwenye suruali. "Nilisema afazali uisome mwenyewe. Na kama haungeipata, ni basi. Muke ya rafiki yangu iko muzima. Parcelle, hata volkano iliikula mara moja."

Kisha akasukuma jiwe moja bapa kwa mguu, akalipangusa kwa kofia yake, akaniambia nikae. Nikakaa. Akakaa juu ya jingine, mkabala nami.

"Mimi miwani yangu iliunguaka," akasema. "Unisomee. Tangu siku ile sijasikia tena vile iliandikwa."

Nikaikunjua karatasi. Nikaisoma kwa sauti, polepole, kila jina na kila tarehe, jina la Modeste, jina lake, matibabu yangu, nikashuka mstari kwa mstari hadi chini. Yakabaki yale maneno ya mkono wangu. Nilifungua mdomo kuyasoma, na hayakutoka.