Dramu Zilizoguswa Kidogo Tu

Wenzangu kwenye bendi waliniita Kesho, eti mapigo yangu ya dramu yanafika baada ya wimbo. Uongo mtupu! Yalichelewa kidogo tu, na kuchelewa kwenyewe ndiko kulikowainua watu vitini. Basi, nakala zangu za kanda zetu zilipotea zamani, na nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kunisikia nikipiga.

Siku hizi mimi ni fundi wa friji. Binti yangu ni mwalimu, mtu wa kutaka ushahidi. Kila nikianza habari za bendi ya roki hunijibu, "Sawa, baba," kwa sauti ya kumtuliza mgonjwa. Kwa hiyo shemeji, mwimbaji wetu aliyemwoa dada yangu, aliponipigia simu kusema wameitoa upya albamu yetu ya kwanza kwa santuri, kuadhimisha miaka ishirini na mitano, nilijivuna nusura nipasuke.

"Jumapili twende kwa shangazi yako," nikamwambia binti. "Ukasikie baba yako alikuwa nani."

Sebuleni kwao jalada lilipita mkono kwa mkono. Sisi wanne, nywele vichaka, na jina langu limeandikwa kabisa: dramu. Binti akaligusa kwa kidole.

"Kumbe kweli," akasema. Mimi huyo, kichwa kimevimba.

Shemeji akashusha sindano. Gitaa likaingia, besi ikaingia, dramu zikaingia. Zikaingia kwa wakati.

Nikadhani ni masikio. Wimbo wa pili, yale yale: kila pigo mahali pake. Kuna sehemu kijiti kilinidondoka tukirekodi, tukaiacha hivyo hivyo. Hapo sasa palipita msururu wa mapigo ya haraka ambayo mikono yangu haijawahi kuyaota. Nikamtazama shemeji. Alikuwa anakunja mkono wa shati, anaukunjua, anaukunja tena.

"Zile za zamani zilikuwa na makelele," akaninong'oneza akinipa soda. "Tulimwita mtu aziguse kidogo tu. Usikasirike, shemeji."

Aziguse! Damu ikanichemka. Nilitaka nimwulize mbele ya mkewe kama na ile sauti yake ya puani ameitafutia mtu wa kuigusa. Nilishafungua mdomo.

Ndipo binti yangu akaniegemea begani. Analia, yeye asiyelia ovyo.

"Nisamehe, baba," akasema, wote wakasikia. "Miaka yote nilidhani unatupiga kamba. Kumbe ulikuwa mkali hivi!"

Dada akapiga makofi. Shemeji naye akapiga, macho yapo kwenye zulia. Nililokuwa nalo la kusema ni fupi: siyo mimi. Lakini nikilisema, narudi kuwa yule mzee wa kamba, tena leo ameleta na ushahidi wa uongo. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilimwonea aibu shemeji, kisha nikajionea mwenyewe, na hiyo ya pili ndiyo iliyouma.

"Mazoezi tu, mwanangu," nikasema.

Akafuta machozi, akaomba wimbo wa pili urudiwe, pale penye mapigo ya haraka. Alitaka kujua mikono inakwendaje. Shemeji akairudisha sindano bila kunitazama, nami nikaweka soda chini, nikamwonyesha mwanangu kwa kupiga mapaja yangu jinsi nilivyoyapiga siku ile.