Uma wa Baiskeli Uliojua Njia ya Zahanati

Jumanne asubuhi, nje ya chumba chake cha kupanga huko Bombolulu, Kaingu aliipindua baiskeli juu chini, akaung'oa uma unaoshika gurudumu la mbele. Baiskeli yenyewe aliachiwa na marehemu babake, chuma kitupu, na tangu mkewe Gladys afariki miaka miwili nyuma hakuwa ameipanda. Sasa binti yao Milcah alikuwa mjamzito wa miezi minane, na mvua ikinyesha tuktuk haziingii kichochoro kile. Baiskeli ndiyo ingempeleka kujifungua.

Mabakuli mawili ya shingoni, pale uma unapozungukia ndani ya fremu, la juu na la chini, yalikuwa yameliwa na gololi mpaka yakafanya vishimo. Bakuli likishaliwa hivyo, usukani hunasa upande mmoja. Wake ulinasa kushoto, kulikokuwa na zahanati.

Zahanati hiyo ilijengwa, ikapakwa rangi, ikatiwa vitanda ambavyo hadi leo havijavuliwa nailoni. Kisha ikatiwa kufuli, ingoje mkubwa aje akate utepe. Gladys alifia pale langoni, juu ya karia, kifua kimembana, Kaingu akigonga. Wakubwa wana mikasi ya kukata kila kilicho cha mnyonge. Wa utepe ndio haupatikani.

Kaingu aliyang'oa mabakuli ya kale, akayapigilia mapya kwa nyundo juu ya kipande cha mbao, polepole, yasije yakaingia upande. Akapaka grisi, akapanga gololi moja moja, akabakisha nafasi ya gololi moja ili zipate pa kutembea. Lakini nati mpya haikupatana na nyuzi, ile mikato ya kukazia, za uma wa zamani. Ilizunguka nusu, ikagoma. Asiyejua angelazimisha, akaharibu vyote viwili. Kaingu akaenda kwa Agneta, fundi wa viti vya magurudumu, mwenye mkebe wa nati za zamani.

"Kumbe chuma hicho bado unacho, kaka?" Agneta akamcheka. "Nilidhani ushawauzia wa vyuma chakavu."

"Vyuma chakavu ni wale tuliowapigia kura, dada."

Nyumbani, nati ya Agneta iliingia kwa vidole tu. Kaingu akaishika kwa spana moja, akakaza nati ya kufungia, iliyo juu yake, kwa nyingine. Akarudisha gurudumu, akaisimamisha baiskeli. Usukani ukazunguka laini, haunasi wala haugongi. Halafu ukageuka wenyewe kushoto, ukatulia. Akaunyoosha, ukarudi kule kule. Tairi la nyuma likabonyea. Gladys alikuwa ameketi kwenye karia, upande upande kama desturi yake, leso imefungwa kiunoni.

"Shikamoo mama," alisema Milcah, akianika nguo.

"Marahaba mwanangu. Mmechelewa."

Kaingu akampeleka Gladys zahanati. Langoni Gladys akashuka, akapanga foleni nyuma ya wanawake wengine. Clifford, askari wa lango, akafungua kitabu, akaandika jina lake na saa.

"Huduma bado, mama. Utepe haujakatwa. Rudi kesho."

Walio hai pia aliwaambia vivyo hivyo.

Gladys akarudi kesho, na kesho kutwa. Majirani wakamzoea, wakawa wanampa salamu awapelekee wazazi wao marehemu.

Siku ya kumi na moja Milcah alishikwa na uchungu, mvua ikinyesha. Kaingu akampakia, akauvuta usukani kulia kwa nguvu zake zote, amfikishe hospitali ya mbali ambayo angalau ilikuwa wazi. Usukani ukaenda kushoto. Gladys alikuwa ametangulia. Leso yake ilikuwa imetandikwa chini, mbele ya lango, na mvua haikugusa pale. Wanawake waliokuwa foleni wakasimamisha leso zao kuwa kuta.

"Clifford, fungua!" Kaingu alisema.

"Mzee, nikifungua nafutwa kazi."

Nyuma ya leso mtoto wa kike akalia. Clifford akaandika: waliofika wawili, waliohudumiwa hakuna. Akamtazama mtoto, akafuta wawili, akaandika watatu.

Kaingu aliikokota baiskeli hadi nyumbani, mgongo umepinda kwa uzito wa wale watatu kwenye karia.

Asubuhi yake usukani uligeuka tena kushoto. "Mtoto anadaiwa chanjo," alisema Gladys, na Clifford akamwambia arudi kesho.

Mwisho wa mwezi wakubwa walituma gari. Lilileta utepe mpya, bila mkasi, kwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa umepauka kwa jua. Kaingu naye akafungua nati, akatia gololi grisi upya kwa safari ya kesho.